Kinywa cha Pili

Mimi kunong'ona siwezi. Nimekuwa mhudumu mkuu wa ndege nusu ya maisha yangu. Nimewatuliza walevi, nimewakalisha chini mabwana wakubwa waliokataa kufunga mikanda, na nimemzalisha mwanamke kwenye viti vya nyuma huku rubani akinipigia simu ya ndani kuuliza chai yake iko wapi. Kwa hiyo mtu asinitazamie nisimulie haya kwa sauti ya msibani. Nina hasira. Nilikuwa nayo siku ile, na mpaka leo haijaniisha.

Mume wangu ndiye aliyekuwa amelala chumbani, nyonga imeunganishwa kwa vyuma. Kila mtu humwita Kapteni, hata muuza maziwa. Mimi humwita Baba Kipusa, kwa jina la utani la binti yetu wa pekee, na nikichukia humwita "wewe". Kipusa aliolewa na rubani msaidizi wa kampuni ileile ya babake, kijana niliyembandika jina la Mpole tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani, maana alikaa kwenye ukingo wa kochi muda wote, kiti kizima kikabaki bure nyuma yake. Nilimpenda siku hiyohiyo. Nilimwambia binti yangu, huyu ukimwacha nitamchukua mimi.

Sasa Mpole yuko kaburini, na dunia nzima inasema ndiye aliyeua watu.

Kampuni yenyewe ni ndogo, ndege zake chache, marubani wanajuana mpaka ndoto. Mume wangu ndiye aliyekuwa rubani mkuu, ndiye aliyepanga nani aruke na nani. Mpole alipokuwa mkwewe, akajipangia kuruka naye. Alisema anataka kumnoa mwenyewe, asije akaharibiwa na wavivu. Pale ofisini wakawa wanatania, "Leo ndege inaendeshwa na ukoo." Na mimi nilicheka, tena kwa majivuno. Nani asingecheka? Asubuhi unawaona baba na mwana wanatoka na mashati meupe yaliyopigwa pasi, unajiona umebarikiwa kuliko mtaa mzima.

Mpole alikuwa na adabu ya kupitiliza. Nyumbani kwetu hakugusa rimoti ya televisheni. Kapteni akiwa hajaonja chakula, yeye mkono wake uko mapajani. Ukimuuliza maoni yake kuhusu jambo lolote, hata mvua, anamtazama kwanza baba mkwe. Kipusa alikuwa anamchokoza, "Baba akisema usiku ni mchana utavaa miwani ya jua wewe." Anacheka tu. Mimi niliona raha kupata mkwe wa namna hiyo, siku hizi wako wapi?

Kwa wasiojua kazi ile nieleze kidogo, sitawachosha. Ndege ya siku hizi hufuata nukta. Unaiambia kompyuta yake ipite hapa, kisha pale, kisha ishuke kule. Nukta nyingi zimo tayari ndani ya kompyuta, unazichagua kwa jina. Lakini ikitokea mabadiliko, nukta huingizwa kwa mkono, tarakimu moja moja. Hapo ndipo penye sheria ambayo hata sisi wahudumu tulikuwa tunaijua kwa kuisikia mlangoni: mmoja huingiza, mwingine husoma. Na huyo anayesoma hasomi kwenye skrini, maana skrini itamrudishia kosa lilelile na tabasamu juu. Anasoma kwenye karatasi iliyotoka ofisini, kwa sauti, huku mwenzake akilinganisha na alichoingiza. Kisha wanatazama umbali kutoka nukta hadi nukta, wa kompyuta na wa karatasi. Ikipishana, wanaanza upya, hata kama abiria wanagonga viti kwa hasira.

Siku ya ajali, mtambo wa redio unaoongoza ndege kwenye uwanja waliokuwa wakienda ulikuwa umezimwa kwa matengenezo. Ofisi ikatoa nukta za muda. Uwanja wenyewe uko bondeni, milima imeuzunguka pande zote, hakuna rada ya kumwambia rubani kwamba amepotea. Ndege ikaruka, ikafika, ikaanza kushuka ndani ya wingu zito mahali kompyuta iliposema shuka. Ilikuwa imeshuka upande usio wake. Ubavu wa kulia ukaparuza mlima, mkia ukakatika. Zaidi ya nusu ya abiria hawakutoka. Rubani msaidizi huketi kulia. Wa kushoto alitoka akiwa na nyonga iliyovunjika.

Wachunguzi walikuta kwamba tarakimu moja ya nukta moja iliingizwa vibaya. Karatasi ilisema nane, kompyuta iliambiwa tatu. Basi. Tatu badala ya nane, na watu wakaungua.

Nani aliingiza? Kinasa sauti cha ndege ile kilikuwa cha zamani, hutunza nusu saa ya mwisho tu, kinajifuta na kuanza tena. Yaliyosemwa kabla ya kuruka yalikwisha kufutika. Aliyebaki kusimulia ni mtu mmoja, naye alisema aliyeingiza ni Mpole, yeye Kapteni alisoma kwenye karatasi, na huenda Mpole alibonyeza vibaya baada ya hapo.

Mtu akifa hawezi kukana. Jina likatoka redioni, likaenda kwenye simu za watu, likapata picha. Mamake Mpole, mkwe mwenzangu, ni mshonaji, ana cherehani yake kibarazani. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Hawakumtukana, walisema tu watarudi siku nyingine. Mtu mmoja akapaka rangi kwenye mlango wake neno ambalo silirudii hapa. Mama yule alilisugua kwa maji na sabuni mpaka vidole vikachubuka, nilivishika mwenyewe. Hakuniuliza chochote. Alichosema ni, "Mwenzangu, mwanangu alikuwa makini toka mdogo. Sijui ilikuwaje." Na mimi nikamjibu hata sijui nini. Nililia pamoja naye tu.

Basi, kilichonifumbua macho ni kiatu.

Kampuni ilirudisha begi la mume wangu, lile la nguo za kulala safarini, ambalo hukaa kwenye kabati nyuma ya marubani, limefungwa. Wachunguzi walikuwa wamelipekua wakalifunga tena. Nikalimwaga kitandani nifue. Kiatu kimoja cha kuvalia jioni kilikuwa kizito. Nikaingiza mkono, nikatoa soksi iliyokunjwa, na ndani ya soksi, kwenye kijaluba chake kigumu, miwani yake ya kusomea. Nzima. Haina hata mkwaruzo.

Nikakaa kitako palepale sakafuni.

Mume wangu bila miwani hasomi. Mbali anaona hadi kunguru aliyeko mtaa wa pili, lakini gazeti analishika kwa mkono ulionyooka, na akikosa subira ananisukumia nimsomee. Daktari wa marubani alimwandikia kabisa: huruki bila miwani, na ubebe ya akiba. Ya akiba aliikalia kwenye kochi ikavunjika, kila siku anasema kesho atanunua nyingine. Kwa hiyo miwani ilikuwa moja tu. Na kule hospitalini aliniambia ilimruka usoni wakati wa ajali. Nilimnunulia mpya kwa huruma! Nikamvalisha kwa mikono yangu.

Kwa mchunguzi ile ilikuwa miwani tu, mzee ana miwani kwenye begi, kuna ajabu gani? Mimi ndiye niliyejua kwamba hana nyingine. Na kama ilikuwa ndani ya soksi, ndani ya kiatu, ndani ya begi lililofungwa, basi ile karatasi aliisoma kwa macho gani?

Nikaingia chumbani. Alikuwa ameegemea mito, anasikiliza redio. Nikaizima.

"Baba Kipusa, nieleze tena mlivyofanya kabla ya kuruka."

"Si nimeshaeleza? Maelezo yangu yako mezani hapo, yasome."

"Sitaki ya mezani. Yale uliyaandika wewe, nikiyasoma nitakusomea yaleyale. Nieleze kwa mdomo."

Akashusha pumzi, mume anayeonewa. Akaeleza. Mpole aliingiza, yeye akasoma. Nikamuuliza karatasi ilikuwa mkono gani. Kulia. Miwani? Usoni. Ile ya fremu nyeusi? Hiyohiyo, si nilikuwa na hiyo moja tu. Nikaitoa nyuma ya mgongo nikaiweka kifuani pake.

"Imetoka ndani ya kiatu chako," nikasema.

Loo! Sijawahi kuona uso wa mtu ukimwagika namna ile. Nilidhani atanikaripia, ndiyo silaha yake ya kawaida. Hakunikaripia. Alianza kutetemeka kidevu, mtu mzima yule mwenye mistari minne begani, na mimi sikumpa hata kitambaa.

"Wewe," nikamwambia, "sema."

Akasema. Alikuwa haivai miwani mbele ya Mpole. Tangu waanze kuruka pamoja hajaivaa. Aliona haya mkwewe amwone anatafuta miwani kila karatasi inapoletwa, yeye aliyejigamba kwamba anamnoa. Siku nyingine hapakuwa na haja, nukta ziko tayari kwenye kompyuta, unabonyeza jina unaenda zako. Siku ile zikaja tarakimu. Mvua ilikuwa inanyesha, wamechelewa, abiria wananung'unika. Mpole akachukua karatasi asome. "Nikamwambia lete hapa," mume wangu alisema. "Nikaishika mwenyewe, nikaingiza mwenyewe. Nilikuwa naishika mbali. Aliniona. Akaniuliza, 'Baba, nikusomee?' Nikamwambia, kwani mimi sijui kusoma?"

"Halafu?"

"Akanyamaza."

"Halafu? Umbali hamkulinganisha?"

"Alilinganisha yeye. Akasema, 'Baba, hapa naona kama imepishana kidogo.' Nikamuuliza kidogo kiasi gani. Akasema, 'Kidogo tu, Baba.' Nikamwambia basi kidogo ni upepo, twende."

Ebo! Upepo ndani ya karatasi! Nilitaka kumpiga na kile kiatu. Mpole alikuwa amekwisha kuiona ajali yote pale chini, kwenye sehemu ya kuegesha, injini hazijawashwa. Alikuwa ameishika mkononi. Angekuwa na kapteni mwingine angesema haiendi ndege hii mpaka turudie. Lakini utamwambiaje baba wa mkeo, aliyekupa binti, unayekula mezani pake, kwamba haoni?

"Na kule juu?" nikauliza.

"Kengele ya kuonya kwamba ardhi iko karibu ilipopiga, mimi niliganda, Mama Kipusa. Yeye ndiye aliyevuta usukani, kwa mikono miwili. Bila yeye tungeingia kwa pua, asingetoka mtu." Akafunga macho. "Mchunguzi alikuja hospitalini nikiwa nimejaa dawa. Akaniuliza, 'Msaidizi ndiye aliyeingiza, si ndiyo?' Nikaitikia kwa kichwa. Basi. Niliitikia kwa kichwa tu."

"Na kichwa hicho mbona hukukitikisa kukataa ulipopata fahamu?"

Nikamwambia kesho mchunguzi anakuja, atasema kweli yote mbele yake. Akasema atafungwa. Nikasema ndiyo, utafungwa, na nitakuletea uji. Akageukia ukutani. Baadaye, nikimbadilishia shuka, akasema, "Sawa." Nikamwamini. Mke hata awe mkali namna gani, mahali fulani ana ujinga wake.

Kesho yake wakaja. Mchunguzi, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini na koti lililompwaya, alikuwa na maelezo ya mwisho ya kutiwa saini kabla ripoti haijatoka. Sheria yao inataka familia ya marehemu isikie kwanza, ndiyo maana mkwe mwenzangu naye alikuwapo, amevaa gauni la kijivu alilojishonea. Kipusa alikuja naye. Tangu mazishi binti yangu amehamia kwa mama mkwe, analala chumba alichokulia mumewe. Wakaketi kochi moja. Mama yule akauchukua mkono wa Kipusa akauweka kwenye paja lake, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Tulimsogeza Kapteni sebuleni kwa kiti cha magurudumu. Nikammiminia kila mtu chai, ambayo hakuna aliyeinywa.

Mchunguzi akasoma kwa sauti ileile moja, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika pale. "Rubani msaidizi aliingiza nukta za muda. Nahodha alizisoma kutoka kwenye karatasi." Akainua macho. "Kapteni, ni sahihi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na birika mkononi. Mume wangu alimtazama Kipusa. Kisha akatazama magoti yake.

"Ni sahihi," akasema.

Mkwe mwenzangu akatikisa kichwa taratibu, machozi yakimshuka bila sauti. Alikuwa amekuja kusikia hilo na akalisikia.

Nikarudi jikoni, nikaliweka birika chini nisije nikamrushia mtu. Kipusa akanifuata. Akafunga mlango akauegemea kwa mgongo.

"Mama, nakuona ulivyo. Usiseme."

"Nisiseme nini? Unajua ninachotaka kusema?"

Akajifuta pua kwa kiganja, vile alivyokuwa akifanya akiwa mtoto. "Najua Baba havai miwani akiwa kazini."

Niliishika meza.

"Alikuwa ananiambia kila wakirudi," Kipusa akasema. "Mume wangu. Alisema, mke wangu, ongea na baba yako, mimi siwezi, anasoma karatasi kwa kubahatisha. Mimi nikamwambia amwache. Nikamwambia, mvumilie, amebakiza muda mfupi astaafu, usimwaibishe. Nilimwambia ukienda kumsema ofisini usirudi kwangu. Mama, nilimwambia hivyo!" Akaziba mdomo, akaendelea huku ameuziba. "Yule nimeshamzika. Hafungwi, haaibiki tena. Baba bado yuko. Nimepoteza mmoja, unataka nipoteze wawili?"

Nitasema ukweli: kwa dakika chache zile nilikaribia kukubali. Ni mwanangu. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega inaonekana juu ya blauzi. Nilitaka kumkumbatia nimwambie haya, tunyamaze, tuzeeke na hili. Nani angejua? Tungekuwa watatu tu tunaojua, wote wa nyumba moja.

Lakini kule sebuleni nikasikia sauti ya mkwe mwenzangu ikimuuliza mchunguzi, kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba kupunguziwa bei, "Bwana, mkiandika, hamwezi kuandika kwamba alikuwa mchovu? Wasiseme tu alikuwa mzembe." Mama anamwombea mwanawe apunguziwe kosa ambalo si lake! Hapo roho ikanikataa. Nikamsogeza Kipusa mlangoni kwa bega, nikatoka.

Kapteni alikuwa ameshapewa kalamu.

"Asitie saini," nikasema. "Aliyeingiza tarakimu ni yeye. Peke yake, bila miwani, akakataa kusomewa. Mpole alimwambia imepishana, akamwambia ni upepo. Na kule juu, aliyevuta ndege isiingie mlimani kwa pua ni Mpole. Jana ameniambia kwa mdomo wake, chumba hicho hapo."

Mkwe mwenzangu alinitazama kana kwamba nazungumza lugha ngeni. Mume wangu akaweka kalamu chini vizuri, sambamba na karatasi.

"Mchunguzi, umsamehe mke wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, ile ya kuwatangazia abiria kwamba kuna mtikisiko mdogo. "Msiba umemzidi. Halali. Anazua mambo."

"Mimi ninazua? Miwani nimeitoa ndani ya kiatu chako, wewe!"

"Nilikuwa na miwani mbili. Moja iliruka kwenye ajali."

Aka! Alidanganya bila hata kumeza mate. Miaka yote ile nimekula naye, nimelala naye, nikadhani najua anavyodanganya. Nilimsogelea, sijui ningefanya nini, mchunguzi akasimama katikati.

"Mama, keti," akaniambia. Hakuwa mkali. "Nimekusikia. Lakini wewe hukuwamo ndani ya ndege, na mwenyewe anakana. Siwezi kuandika jambo zito namna hii kwa kinywa kimoja. Kazi yetu haiendi hivyo." Akageuka taratibu, akatutazama sote. "Kuna mwingine anayejua lolote kuhusu hii miwani? Mtu yeyote ambaye hakuambiwa na huyu mama?"

Sikumtazama Kipusa. Naapa sikumtazama. Nilikodolea macho vikombe vya chai, chai imefanya utando juu. Nilijua nikimwangalia nitakuwa nimemsukuma, na jambo lile mtu hasukumwi. Nilisikia kochi likilia alipokaa tena pembeni ya mama mkwe wake. Nikasikia yule mama akimwambia kwa sauti ndogo, "Kaa, mwanangu, kaa," na bila kufikiri akauchukua tena mkono wake.

Kapteni akasema, "Hakuna. Tumalize."

"Mimi," Kipusa akasema.

Mume wangu akasema, "Kipusa, mwanangu." Mara moja tu. Sikuwahi kumsikia akiomba kitu maishani mwake, na pale aliomba.

"Mimi najua," binti yangu akasema. Alikuwa anamtazama mchunguzi, hakugeuka upande wowote. "Mume wangu aliniambia Baba haivai miwani wakiwa kazini. Aliniambia mara nyingi. Alitaka kwenda kusema ofisini." Nilidhani ameishia hapo, na kwa kweli hapo pangetosha, angeweza kuishia. "Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia akisema, asirudi kwangu. Akanyamaza kwa ajili yangu."

Mkwe mwenzangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitazama chini, kwenye paja lake, akauona mkono wa Kipusa uko pale katikati ya mikono yake. Akavifungua vidole vyake vilivyochubuka, kimoja kimoja, akauinua ule mkono, akaurudisha kwenye paja la mwenyewe. Kisha akasogea, kidogo tu, mpaka mwisho wa kochi.

Mchunguzi alikuwa amekwisha kutoa karatasi tupu.

"Rudia, binti," akasema. "Taratibu, niandike, kisha nikusomee."

Kipusa akarudia yote.